Alama ya Siku ya Tatu

Kazi ya Beverley Holdsworth ilikuwa kuwaumiza watu bila kuwagusa. Kwa miaka thelathini na moja alichora majeraha kwenye Tenter Row, kile kipindi cha televisheni kinachorekodiwa Leeds ambacho nchi nzima hukitazama huku ikiapa haikitazami. Gari likimgonga mtu Tenter Row, Bev ndiye aliyempasua paji la uso. Mume akimpiga mkewe, Bev ndiye aliyemvimbisha jicho, na ikifika saa ya chakula akamfuta, akampa chai na biskuti. Wenzake walimwita Bondia, naye jina hilo alilipenda.

Hadithi za televisheni hazirekodiwi kwa mpangilio. Asubuhi mwigizaji anaweza kuwa na jeraha la wiki nzima, na mchana ndiyo kwanza anapigwa. Kwa hiyo Bev alikuwa na elimu yake ya siku, na wanafunzi waliopita mkononi mwake waliikariri. Siku ya kwanza ni wekundu na uvimbe, huoni kitu. Siku ya pili damu inavilia chini ya ngozi na zambarau inatambaa. Siku ya tatu uvimbe unashuka, na hapo umbo la kilichopiga linasomeka waziwazi: vifundo vya vidole, ukingo wa meza, pete. Baada ya hapo ni kijani, kisha manjano, kisha watu wanasahau.

Kila uso uliomalizika ulipigwa picha. Mwigizaji alishika kadi kifuani yenye jina na siku ya hadithi, na chini ya kidevu ikawekwa karatasi ndefu ya rangi za kulinganishia. Saa ya kamera yenyewe haikuwahi kurekebishwa tangu inunuliwe, maana pale studio hakuna aliyejali leo ni tarehe ngapi. Siku iliyohesabika ni ile iliyoandikwa kwenye kadi.

Mtu akimuuliza alijifunzia wapi, Bev alisema chuoni Bradford. Uongo mtupu. Alijifunzia Keighley, bafuni kwao, akiwa na miaka tisa. Baba yake, Walter, alifanya kazi kwenye kiwanda cha sufu, na kila Ijumaa alirudi na mshahara, samaki wa kukaanga na ngumi. Jumapili asubuhi mama alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akamkabidhi Bev kopo la poda na kusema, "Nitengeneze, mwanangu." Bev alimtengeneza vizuri kiasi kwamba kanisani wanawake walimsifu mama kwa ngozi yake. Na yule mtoto alijivuna. Ukubwani, hilo ndilo lililomchoma kuliko ngumi zenyewe.

Mama alikufa ana miaka arobaini na tisa. Aliteleza kwenye ngazi, alisema Walter, na sisi wa mtaa ule tukakubali kuwa ni ngazi. Ngazi hazijapata kusingiziwa vile. Tulikula vipande vya nyama baridi msibani, tukampa Walter pole, tukaenda zetu majumbani.

Kwa hiyo Bev alipoolewa, na mumewe akamzaba kofi moja, moja tu, aliliweka sanduku lake barabarani kwenye mvua na akabadilisha kitasa siku hiyo hiyo. Binti yao, Kirsty, alimlea peke yake. Aliamini kwamba kwa hilo amekata mzizi.

Kirsty aliolewa na Gareth Tordoff, fundi wa makabati ya jikoni, mtu mpana wa mabega aliyefundisha watoto raga Jumapili na kuwabebea vikongwe mifuko ya sokoni. Kila mtu alimpenda Gareth. Alivaa pete nene ya dhahabu yenye uso wa mraba, aliyopewa na klabu yake waliposhinda kombe, na pembe moja ya mraba huo ilikuwa imemegeka siku msumeno wa umeme ulipoigusa. Bev mwenyewe alimpenda. Alimpikia, alimwita "mwanangu", na alimsifu kwa majirani.

Juni moja, saa ya chakula cha mchana, Kirsty alimfuata mama yake studio. Alikuwa amevaa miwani ya jua, na usoni amejipaka kama anayekwenda harusini. Bev alimkalisha kwenye kiti mbele ya kioo chenye taa, akamvua miwani, akachovya pamba kwenye mafuta na kuanza kufuta. Chini ya rangi, kwenye mfupa wa shavu la kushoto, kulikuwa na zambarau pana, na katikati yake mraba mdogo mweusi usio na pembe moja.

"Nani?" Bev aliuliza.

"Mlango wa kabati, mama. Nilikuwa nimeinama, nikainuka."

"Mlango wa kabati unavaa pete?"

Kirsty alianza kulia bila sauti, kama anayeishi na mtu mwenye masikio makali. Ilikuwa mara ya nne. Safari hii ni kwa sababu alichelewa kutoka saluni. Safari iliyotangulia Gareth alimpiga teke la mgongo mbele ya Elsie, mtoto wao wa miaka minne, kisha akamwambia mtoto kwamba mama anacheza.

"Unarudi kwangu leo," Bev alisema.

"Sirudi. Kaniambia nikitoka anamchukua Elsie, na atamchukua kweli. Nani atanisikiliza mimi? Wewe mwenyewe ulimnunulia koti siku yake ya kuzaliwa."

"Basi tupige picha. Siku moja itatufaa."

Simu ya Kirsty haikufaa, Gareth aliikagua kila jioni. Bev akachukua kamera ya kazini. Na mikono yake, iliyofanya jambo lile lile kwa miaka thelathini na moja, ikafanya jambo lile lile. Aliweka karatasi ya rangi chini ya kidevu cha mwanawe. Akachukua kadi, akaandika KIRSTY, SIKU YA 3, akampa aishike kifuani. Wala hakuona ajabu. Alipiga picha sita, kisha akampaka upya binti yake vizuri zaidi, akamrudisha kwa mumewe. Mama kama huyo unamwita nani? Mimi nilimjua na nilimpenda, lakini siku hiyo angestahili kutikiswa mabega.

Julai wakarekodi Krismasi. Ndiyo desturi yetu: sikukuu ya Krismasi, watu wakishashiba bata mzinga, wanakaa kutazama familia nyingine ikivunjika, na Tenter Row huweka kisa chake kibaya kuliko vyote siku hiyo. Mwaka ule kilikuwa cha Denise na mumewe Vince. Denise anapigwa siku tatu kabla ya sikukuu, anajipaka, anakaa mezani na ndugu wote. Katikati ya chakula anachukua kitambaa cha mezani na kujifuta uso mbele yao. Vince anamrukia.

Bev alichora jeraha la kwanza. Mwongozaji, Imogen, msichana mwerevu asiyejua kunyamaza, alilitazama akatikisa kichwa.

"Bev, hilo ni jeraha la televisheni. Mimi nataka la kweli. Nataka mtu aliyepo nyumbani ashindwe kumeza."

Maneno hayo yalimuuma Bondia. Aliingia stoo, akafungua kamera, akazitazama zile picha sita. Alijiambia kwamba ni shavu tu, na hakuna mwanamume anayejitambua kwenye televisheni. Alirudi kwenye kiti na akauhamishia uso wa Kirsty kwenye uso wa Philippa, mwigizaji wa Denise: zambarau ile ile, mfupa ule ule, mraba mdogo usio na pembe. Philippa alijitazama kwenye kioo, utani wote ukamwisha.

"Bev. Huyu ni nani?"

"Ni Denise," Bev alijibu. "Usitingishe kidevu."

Walirekodi joto likiwachoma, vichwani wamevaa kofia za karatasi za Krismasi, bata mzinga amepakwa vanishi hadi ananuka rangi. Alastair, aliyeigiza Vince, alikuwa mtu laini aliyefuma soksi akisubiri zamu yake. Waliporuhusiwa kuanza alimvuta Philippa kwa nywele juu ya meza, sahani zikamwagika, akamgonga na jagi la mchuzi, akamtandika ngumi sakafuni mpaka kofia yake ya karatasi ikachanika. Fundi wa mapigano alisimama pembeni akikumbusha lile somo ambalo Bev alilisikia kila wiki: tazama bega, bega likishuka ngumi inakuja, geuza uso uende nayo. Walirudia mara kumi na moja. Kila mara Alastair alimwomba Philippa radhi, na kila mara Bev aliingia na kopo la damu kuwarekebisha.

Imogen alimkumbatia. "Hii ndiyo kazi yako bora, Bondia."

Na mjinga yule alijivuna. Mara ya pili maishani.

Krismasi ilipofika, Kirsty, Gareth na Elsie walikula kwa Bev, kama kila mwaka. Gareth alikata nyama, akaosha vyombo, akamrusha Elsie juu mpaka akashikwa na kwikwi ya kicheko. Ilipotimia saa moja na nusu jioni wote walikaa mbele ya televisheni. Bev tangu asubuhi alikuwa anatafuta sababu.

"Kuna filamu nzuri upande wa pili," alisema.

"Filamu gani tena, mama?" Gareth alicheka. "Mwaka mzima unatusimulia, leo unaona haya? Kaa tuone mkono wako."

"Elsie atapata ndoto mbaya."

"Elsie kalala kwenye kiti zamani. Lete hiyo rimoti."

Denise alichukua kitambaa. Alifuta mara moja, mara mbili, na kamera ikasogea mpaka shavu likajaza kioo chote cha televisheni. Mraba ule ulikuwa mkubwa kama sahani, na pembe yake haipo. Bev hakutazama televisheni. Alimtazama Gareth, aliyekuwa ameacha kutafuna. Gareth aliitazama ile picha. Akautazama mkono wake uliolala gotini. Kisha akageuza kichwa polepole, akamtazama mkewe, aliyekuwa mweupe kama chokaa.

Kwenye televisheni Vince alikuwa anamburuta Denise juu ya meza.

"Kazi nzuri, mama," Gareth alisema. "Kazi nzuri sana. Kirsty, vaa koti, twende nyumbani."

Bev alisimama mlangoni. "Mwache alale hapa na mtoto. Barabara ina barafu."

"Nimeendesha kwenye barafu tangu nina miaka kumi na saba," alisema, akampita amembeba Elsie begani. Na Bev akawapisha.

Kesho yake asubuhi Kirsty aligonga mlango. Alikuwa na nguo za kulalia ndani ya koti, Elsie mkononi, na nywele zake zilikuwa zimeganda kwa barafu. Usoni hakuwa na alama hata moja. Gareth alikuwa amejifunza. Alijaza sinki la jikoni maji ya baridi, akamkamata kwa kisogo na kumzamisha. Akamtoa, akamuuliza amewaambia watu wangapi. Akamzamisha tena. Alihesabu kwa sauti kila alipomzamisha, na mtoto amesimama mlangoni na sungura wake wa kitambaa. Alipofika tisa, simu yake ililia. Alikwenda kuipokea, na Kirsty akakimbia.

Bev alitaka kumfunga taulo. Kirsty alimsukuma kwa mikono miwili hadi akagonga ukuta.

"Uliwapa uso wangu!" alipiga kelele. "Nilikuonyesha wewe, mama! Wewe peke yako duniani! Ukauchukua ukampa yule mwanamke avae!"

Bev alikaa kwenye ngazi, taulo mapajani, mpaka Kirsty mwenyewe akaja kulichukua.

Polisi walikwenda kwa Gareth, wakamkuta anapanga vyombo vya Krismasi kabatini. Aliwakaribisha chai. Mke wangu hayuko sawa, aliwaambia, na mama mkwe wangu ndiye anayemchochea. Ikabaki njia ya mahakama ya familia, kuomba amri ya kumzuia asimkaribie Kirsty wala Elsie. Ushahidi uliokuwepo ni zile picha sita.

Wakili wa Gareth hakuhitaji hata kupandisha sauti. Aliweka mezani picha mbili, ya Kirsty na ya Denise wa televisheni. Jeraha moja, nyuso mbili. Akaonyesha karatasi ya rangi, kiti cha studio, kadi yenye mwandiko wa Bev. Akauliza tarehe ya picha. Kwa mujibu wa kamera, zilipigwa mwaka ambao Kirsty alikuwa bado shuleni.

"Bibi Holdsworth, kazi yako ni nini?"

"Vipodozi. Naandaa nyuso."

"Unachora majeraha?"

"Ndiyo."

"Yanafanana na ya kweli?"

Bev aliwaza kusema hapana. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo wanavyosema."

Gareth aliinamisha kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeonewa na anayesamehe. Jaji alikuwa mwanamke wa miwani mwenye sauti ya chini, na hakuwa mtu mbaya. Alisema atasikiliza tena Jumatatu, aone kama kuna kitu kingine. Kisipopatikana, hataweza kutoa amri. Kwa sasa, Jumamosi baba amchukue mtoto kutoka kwa bibi, akae naye mpaka mchana. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwenye basi la kurudi Keighley, Kirsty alitazama dirishani njia nzima. "Ataninyang'anya mtoto," alisema hatimaye. "Na mtoto akienda, mimi nitamfuata, unajua nitamfuata. Na siku moja utaambiwa nimeteleza kwenye ngazi."

Bev alikuwa anahesabu vidoleni. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Jumamosi asubuhi aliwapeleka Kirsty na Elsie kwa rafiki yake anayeishi mji wa Skipton, akarudi peke yake. Alinawa uso kwa sabuni, hakupaka hata krimu. Saa nne kamili Gareth aligonga.

"Elsie yuko wapi?"

"Hayupo."

"Jaji kasema nimchukue."

"Jaji haoni hapa. Tuko mimi na wewe."

Gareth aliangalia barabara, huku na huku, akaingia na kuufunga mlango kwa mgongo. "Sogea, mama. Nimekuvumilia mengi."

"Wewe? Wewe ndiye umevumilia?" Bev alimzibia njia. "Ile Krismasi ulipojiona kwenye televisheni ulinywea. Nilikuona. Jitu zima, mwalimu wa raga, unaogopa shavu la kuchorwa."

"Funga mdomo."

"Yule Alastair anayeigiza Vince, akimaliza kupiga anaomba radhi, kisha anakaa kufuma soksi. Bado ni mwanamume kukupita. Yeye akipiga analipwa. Wewe unapiga bure, tena mwanamke wa kilo hamsini, tena kichwa chake kikiwa ndani ya sinki. Wachezaji wenzako wanajua? Niwaambie? Nina namba ya—"

Aliona bega likishuka. Somo lote la miaka thelathini na moja lilimpigia kelele mwilini: geuza uso, nenda nayo. Bev alikaza shingo, akauacha uso pale ulipo.

Pigo la kwanza lilitua kwenye mfupa wa shavu la kushoto, na alisikia kitu kikivunjika ndani ya kichwa chake mwenyewe. La pili lilimpata kwenye jicho. Alianguka juu ya viatu vilivyopangwa mlangoni, na Gareth akamfuata chini, goti kifuani, akampiga tena pale pale, tena na tena, akihema, bila kusema neno. Alipochoka alisimama na kumpiga teke la mbavu. Damu ilikuwa imefika kwenye zulia la ngazi. Alichukua skafu ya Bev iliyotundikwa ukutani, akaifutia pete yake taratibu, akaitundika tena.

"Nenda kajichore," alisema. "Nani atakuamini wewe?"

Bev alitambaa mpaka bafuni na kujishikilia kwenye beseni. Kioo kilimwonyesha siku ya kwanza: wekundu na uvimbe, huoni kitu. Jicho la kushoto lilikuwa linapiga vimulimuli vyeupe pembeni. Kirsty aliporudi jioni alimkuta hivyo, akapiga yowe, akashika simu aite gari la wagonjwa. Bev akampokonya.

"Hospitali watanishona na kunifunga bendeji. Watanipa karatasi, na yule wakili atasema nimejigonga. Jumatatu, Kirsty. Siku ya tatu. Nataka wanione siku ya tatu."

"Mama, hilo jicho!"

"Niliuuza uso wako. Wangu ni wangu."

Jumapili pazia jeusi lilianza kushuka ndani ya jicho lile, kutoka juu, polepole. Bev hakumwambia mtu. Alikaa gizani amebana barafu kwenye mbavu, huku binti yake akimbembeleza, akimtukana, akambembeleza tena. Usiku kucha walishikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu ile Krismasi.

Jumatatu uvimbe ulikuwa umeshuka. Alipoingia mahakamani watu walisogea kumpisha. Gareth alimwona, akageukia dirisha. Wakili wake alitabasamu kidogo tu.

"Mheshimiwa, naona Bibi Holdsworth leo amekuja na kazi yake."

Bev hakwenda kukaa. Alifungua mkoba, akatoa pamba na ile chupa ya mafuta ya kufutia waigizaji, akaviweka mezani mbele ya wakili.

"Futa," alisema.

"Mheshimiwa, hii si—"

"Futa, baba. Si unasema ni rangi? Mafuta haya yanatoa rangi yoyote duniani. Huwezi? Basi nitafuta mwenyewe."

Alimimina mafuta kwenye pamba, akasugua. Alisugua kama alivyowasugua mamia ya watu kabla ya chakula cha mchana, kwa mkono mzito usio na mchezo, juu ya mfupa uliovunjika. Pamba ilitoka safi. Alichukua nyingine, akasugua tena, na gamba la kidonda likafunguka, na pamba ikatoka nyekundu. Jaji alisema inatosha. Bev akasugua. Jaji alisimama, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Bibi, nakuomba, acha!"

Damu ilikuwa inadondoka kwenye kola ya blauzi yake nyeupe. Na kwenye shavu, katikati ya zambarau, mara tatu, kama mihuri ya posta, kulikuwa na mraba mdogo usio na pembe moja.

Jaji alivua miwani, akaivaa tena, akazichukua zile picha sita za Juni na kuzitazama moja moja. Kisha akamtazama Gareth, na mkono wake wa kulia aliokuwa ameuficha chini ya meza.

"Bwana Tordoff, vua pete yako uiweke hapa."

Gareth hakuivua. Aliinuka na kuvuka meza kumwendea Bev, kiti kikaruka, wakili akasukumwa ukutani, na ikabidi walinzi watatu wamlaze kifudifudi, mbele ya jaji, akitukana matusi ambayo klabu yake ya raga haikuwahi kuyasikia. Kirsty alitazama mpaka mwisho. Anasema ndiyo mara ya kwanza alimwona mumewe akiwa chini.

Amri ilitolewa kabla ya saa sita. Kwa uso wa Bev, Gareth alifungwa miaka mitatu. Kwa uso wa Kirsty, na kwa yale maji ya sinki, hakuongezewa hata siku moja, na mimi hilo bado linanipandisha hasira.

Daktari wa macho alimwambia Bev kwamba angekuja Jumamosi ile ile, jicho lingepona. Bev alimshukuru kwa heshima. Machi, akiwa na jicho moja tu linaloona, alijaribu kurudi kazini. Alichovya brashi, akaipeleka kwenye shavu la Philippa, na brashi ikagusa hewa, inchi mbili kabla ya kufika. Alijaribu tena, ikamchoma Philippa puani. Walicheka wote wawili, kisha Philippa akamshika mkono na hawakucheka tena. Bev alifungasha makopo yake, akawaachia wanafunzi.

Kirsty bado hajamsamehe yote. Siku nyingine wanakaa jikoni na chai, na ghafla binti anainuka anatoka, na mama anajua ni lile shavu kwenye televisheni limerudi. Anamwacha atoke.

Jumamosi moja ya masika walikuwa wanajiandaa kwenda kununua samaki na viazi vya kukaanga. Elsie alikuta kopo la poda kwenye droo, akapanda juu ya ukingo wa beseni na kulifungua. Alilitazama lile kovu la shavu na jicho lililozimika.

"Bibi, nikutengeneze?"

Bev alimshika kiuno asianguke. Alilichukua kopo mkononi mwake, akalifunga, akalitupa kwenye pipa la taka.

Dukani kulikuwa na foleni ndefu. Muuzaji, aliyemjua Bev tangu shule, alimtazama usoni akashtuka, akainama juu ya kaunta na kushusha sauti. "Bev, kipenzi, ulianguka?"

"Hapana," Bev alisema, na hakushusha yake. "Nilipigwa na mkwe wangu, Gareth Tordoff. Alikuwa akimpiga binti yangu kwanza. Baba yangu naye alimpiga mama yangu mpaka akafa, pale mtaa wa juu, na nyote mlijua."

Foleni nzima ilitazama sakafu, mimi nikiwemo. Elsie alinyoosha mkono kwenye kaunta na kuomba siki nyingi kwenye viazi vyake.